Alama ya Mkate wa Dalanda

Lazhar Weslati alizaliwa katika nyumba iliyopakana na tanuri langu, ukuta mmoja, na mama yake Dalanda alizoea kusema kwamba ndiyo sababu mtoto hakuugua kifua hata siku moja. Kitanda chake kiliegemea ukuta wa tanuri, na ukuta ule haukupoa kiangazi wala kipupwe. Hapa Kef, juu ya mlima huu ambako upepo wa Januari unapita katikati ya mifupa, hiyo haikuwa neema ndogo. Sasa ukuta umepoa. Nimeugusa asubuhi ya leo kabla ya kuketi kuandika.

Mimi ni Mokdad, niliyekuwa mwoka mikate wa kichochoro hiki kwa miaka arobaini na mmoja. Sikuuza mkate. Jambo hilo watu wa leo hawalielewi hata ukiwaeleza mara tatu. Kila nyumba ilikanda unga wake, ikaipanga mikate juu ya ubao, mtoto akauleta ubao kichwani, mimi nikaoka, mtoto akarudisha. Ili mikate isichanganyike tanurini, kila mama alikuwa na alama yake aliyoigandamiza juu ya mkate kabla haujatoka nyumbani. Nyumba thelathini na nane, alama thelathini na nane, na sikuwahi kukosea. Dalanda alikuwa na kastabini ya shaba ya kushonea. Aliigandamiza mara tatu, vikatokea viduara vitatu, kisha akapiga mstari mmoja chini yake kwa jino la ufunguo. Hiyo ndiyo alama pekee nitakayoieleza humu. Baadhi ya zile nyingine nimekwisha kuzisema kwa mtu ambaye sikupaswa kumwambia hata saa ni ngapi.

Mwaka 1996 tanuri lilifungwa. Pale mbele lilifunguliwa duka la mkate mrefu wa Kifaransa, mweupe, ambao ukifika jioni unakuwa mgumu kama mpini wa shoka. Hakuna aliyenipa pole. Wanawake wale wale niliowaokea mikate ya arusi na ya matanga walipita mlangoni kwangu na mikate mirefu kwapani, wakanisalimia, wakaenda zao.  Majiko ya gesi yalikuwa yameingia kila nyumba.

Lazhar alikuwa miongoni mwa watoto waliobeba mbao, na ni yeye peke yake ambaye hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikuwa anasoma magazeti ya kuwashia moto. Nilipewa magazeti ya zamani kwa mafungu, na mimi mwenyewe ndimo nilimojifunza kusoma, nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, bila mwalimu. Nilisoma habari za vita vilivyokwisha na za mawaziri waliofukuzwa kitambo, kisha nikawatia moto. Mtoto alikuja akachuchumaa kando yangu, tukasoma pamoja. Baba yake alikufa machimboni Lazhar akiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo ubao wa mama yake aliuweka chini taratibu zaidi.

Alikwenda Tunis akasomea historia, akarudi na shahada ndani ya bomba la plastiki. Miaka sita alikaa mkahawani na wenziwe wenye mabomba kama hayo. Hatimaye akapata ukarani katika ofisi ya vizazi na vifo, akawa anaandika nani kaja na nani kaondoka. Hakuoa. Alitembea mikono nyuma kama mzee, na alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Ukimtazama ungesema huyu hatamsumbua mtu yeyote maisha yake yote.

Majira ya mvua ya mwaka jana alikuja nyumbani kwangu Ijumaa moja baada ya sala.

“Ami Mokdad,” akasema, “nimefungua blogu.”

“Umefungua nini?”

“Blogu. Ni kama daftari, ila liko kwenye mtandao. Kila mtu anaweza kulisoma.”

“Nani amekuomba?”

“Hakuna.”

“Basi hiyo ni kuongea peke yako barabarani.”

Mabega yakatikisika. “Ndiyo hasa, Ami. Ila wapita njia wanajibu.”

Akanieleza kwamba jina lake haliko humo, wala la mji, wala kazi yake. Mama yake hakuambiwa. Nilikuwa mimi tu ninayejua, na sababu yenyewe ni kwamba alitaka mtu wa kumsomea. Alinakili kwa mkono kwenye karatasi za daftari la shule, akaja Ijumaa, akanisomea, kisha karatasi tukazitupa katika jiko langu la mkaa. Nilimwambia kwamba maisha yangu yote nimesoma kitu kisha nikakichoma, hivyo amekuja mahali panapofaa.

Makala ya kwanza naikumbuka. Aliandika hivi: sijui nani atasoma haya, na sijui nianze na nini, kwa hiyo nitaanza na chumvi. Aliandika kwamba kwenye televisheni tunasemeshwa kwa lugha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitumia kumwomba mwenziwe chumvi mezani. Mama yake, aliandika, huijibu televisheni kwa Kiarabu cha nyumbani, na hana habari kwamba haisikii. Wakubwa wa kazini wanagombeza kwa Kifaransa. Akajiuliza mtu akishtuka barabarani anapiga ukelele kwa lugha gani, na je, hiyo si ndiyo yake? Akamaliza kwa kusema leo inatosha, chai imepoa.

Sikuipenda, na nilimwambia.

“Umeandika kama wanawake wanaogombana uani,” nikasema. “Mimi nimeunguza kope za macho kujifunza Kiarabu cha vitabu mbele ya moto. Wewe ulifundishwa bure, na sasa unakitupa?”

“Sijakitupa, Ami. Nimekivua nikiingia nyumbani, kama viatu.”

“Maneno matamu. Nani atakuheshimu?”

“Ami, ulivyonisimulia habari za tanuri, ulinisimulia kwa lugha ya magazeti?”

 Nilichochea mkaa. Ijumaa iliyofuata akaja tena, na nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimekwisha kufagia na kuweka maji ya chai.

Aliandika juu ya vitu vidogo. Majina ya upepo ambayo vijana hawayajui tena. Jinsi watu wanavyoshusha sauti mkahawani wakitaja bei ya mafuta, hali bei imeandikwa ukutani. Jinsi ilivyo ajabu kuandika kwa watu usiowaona, kwamba mwanzoni alihisi anafanya jambo la aibu, na sasa anahisi ana ndugu. Mtu mmoja kutoka kusini alimjibu kila mara kwa neno moja tu, “Endelea.” Hayo aliyasema huku akitazama pembeni kwa haya. Mambo ya ofisini, yale yaliyomchekesha na kumliza zaidi, hakuyaandika kamwe. “Hilo nikiliandika, Ami, siku ya pili wananijua,” alisema. Alikuwa mwangalifu. Nataka mjue hivyo. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Mwezi wa Februari aliandika sentensi moja iliyomponyoka. Aliandika kwamba katika mji wake kuna picha za mtu mmoja nyingi kuliko vioo, na ndiyo maana watu wamesahau sura zao wenyewe.

Aliponisomea nilicheka, kisha nikainuka nikafunga dirisha.

Siku kumi baadaye nilikuwa mkahawani. Mzee mmoja anayekaa karibu na mlango alikuwa ananyolewa na rafiki yake, kama wanavyofanya Jumamosi, akaomba kioo. Rafiki akamwambia, “Kioo? Jitazame pale ukutani,” akaonyesha picha ya Rais. Watu watano walicheka, na wa sita akaweka kikombe chini akatoka nje. Sentensi ilikuwa imefika huku kwa miguu yake. Waliocheka hawakujua kwamba mwenyewe anaishi hatua mia mbili kutoka pale. Nilimhesabia aliyetoka nje hatua zake hadi kona.

Juma lile blogu ikafungwa. Ukiitafuta, alinieleza Lazhar, inakuja karatasi nyeupe inayosema ukurasa haupatikani. Akafungua nyingine mahali pengine. Ikafungwa. Akafungua ya tatu. Wasomaji walimfuata kila alikohama, na nilimwuliza wanamjuaje.

“Wana njia yao ya kunijua,” akasema.

Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakunieleza, na hakunieleza kwa sababu alikusudia kunifurahisha. Alitaka siku moja anipeleke mbele ya kompyuta anionyeshe kwa macho yangu. Mimi nilikuwa nasomewa karatasi tu. Ukurasa wenyewe sikuwahi kuuona. Juu ya kila ukurasa, kila alikohamia, aliweka picha ileile: viduara vitatu na mstari mmoja chini yake. Mkate wa mama yake. Ilikuwa kazi ya alama tangu zamani, kuuwezesha mkate kurudi nyumbani kwake hata ukichanganyika na mikate mia. Tanuri lilikuwa limefungwa miaka kumi na mitatu. Watoto waliobeba mbao walikuwa wameenda Ufaransa na Italia, na wengine wamekufa. Aliamini kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kuitazama alama ile na kutaja nyumba.

Alinisahau mimi. Au pengine hakunisahau. Pengine alifikiri kunihesabu mimi ni sawa na kujihesabu mwenyewe.

Aprili, mwezi ambao serikali hutangaza wa urithi, wanapotundika bendera kwenye mabomoko na kuimbisha watoto wa shule, alikuja kijana mlangoni kwangu. Alivaa koti safi na viatu vya kimya. Jina lake, alisema, Anis. Anakusanya desturi za zamani kabla hazijapotea.

“Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa na tanuri, Haji.”

“Usinipe hija ambayo sijaenda. Nani amekuambia?”

“Mji mzima unasema, Ami Mokdad. Wanasema mikono yako ilijua mkate wa kila nyumba.”

Miaka kumi na mitatu, wala mbwa hakuniuliza habari za tanuri. Nikamkaribisha. Nikatoa kahawa, ile nzuri yenye maji ya maua. Nikamweleza jinsi kuni za mzeituni zinavyowaka tofauti na za msonobari, jinsi ya kupima joto kwa kutupa kiganja cha unga, jinsi koleo refu la mbao linavyoingia tanurini bila kuugusa mkate wa jirani. Aliandika yote. Alicheka palipostahili kuchekwa. Aliuliza maswali ya mtu aliyesoma. Nilijisemea moyoni, kumbe bado wapo vijana wa namna hii.

“Na mikate haikuchanganyika?” akauliza.

“Mikate yangu?” nikasema. “Kwa alama, mwanangu! Kila mama na alama yake.”

“Ungeweza kuzikumbuka mpaka leo?”

Alijua pa kugusa. Nilimpokonya daftari. Niliichukua kalamu yake mwenyewe nikachora, moja baada ya nyingine, na kando ya kila moja nikaandika jina la nyumba kwa mwandiko wangu mzuri, Kiarabu cha vitabu, bila kosa. Alama ya Dalanda ilikuwa ya tano. Niliiona kalamu inachora viduara vitatu, nikasema, “Hii ni ya kastabini, huyu jirani yangu hapa, ukuta mmoja.” Anis hakupepesa jicho. Alisema, “Na ya sita?” Nikaendelea hadi ya kumi na moja. Ya kumi na mbili niliacha kwa kuwa kahawa ilifurika jikoni. Tangu siku ile nimekaa nikifikiria kahawa ile kufurika, kwamba ni hiyo, wala si akili yangu, iliyowaponya watu wa nyumba ishirini na saba.

Akanishukuru mara mbili. Alipofika mlangoni aliutazama ukuta unaotenganisha nyumba yangu na ya Dalanda, akaugonga kwa kidole, kama mtu anayepima tikiti maji.

Ijumaa Lazhar alikuja na karatasi yake. Sikumpa nafasi ya kusoma.

“Leo nisikilize mimi kwanza,” nikasema. “Nilikuwa na mgeni. Mtafiti. Nimemchorea alama za tanuri.”

Alikuwa anavua koti. Mkono mmoja ukabaki ndani.

“Alama zipi, Ami?”

“Kumi na moja. Angerudi ningemchorea zote.”

“Ya mama?”

“Ya tano. Kwa nini?”

Alikaa chini na koti lake nusu limevuliwa. Alinieleza taratibu, kwa sauti ya kumweleza mgonjwa. Nilisikia maneno “iko juu ya ukurasa”, nikamwomba ayarudie, akayarudia.

“Kwa nini hukuniambia?” nikapaza sauti. “Mjinga wewe! Kwa nini hukuniambia?”

“Nilitaka uione mwenyewe.”

“Basi nimeiona!”

Akaniwekea mkono begani. Yeye, kunituliza mimi! “Huenda ni mtafiti kweli, Ami. Watafiti wapo.”

“Alikuwa na viatu vipya. Mtafiti gani wa nchi hii ana viatu vipya?”

Mabega yakatikisika kidogo. Karatasi yake aliitia jikoni bila kuisoma, na mpaka leo sijui ilisema nini. Nilimwambia aondoke, aende kwa mjomba wake Bizerte, au avuke mpaka, ni karibu, watu wanavuka na mbuzi kila siku. Alisema Jumatatu kuna watu watakuja kuandikisha watoto wao, na asipofika kazini atakuwa amekiri. Alisema pia kwamba hataifuta blogu, maana ikifutika sasa hivi itakuwa vilevile amekiri. Alikuwa amefikiri yote hayo kabla mkono wake haujatoka kwenye koti.

Walimchukua Jumanne, mezani pake, saa nne asubuhi. Wawili, kwa adabu. Walimwambia ni kahawa tu na maswali mawili matatu. Mwanamume mmoja wa bondeni alikuwa mbele yake anamwandikisha binti aliyezaliwa siku tano kabla, na huyo ndiye aliyetusimulia. Lazhar alikuwa ameandika jina la mtoto nusu. Aliomba amalizie, mmoja wao akaifunika kalamu kwa kiganja. Mtoto wa watu akabaki na nusu jina kitabuni.

Dalanda alikwenda kwenye jengo lile la kijivu la polisi siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kila mara walimwambia hawana mtu mwenye jina hilo. Siku ya nne nilimfuata uani na kumweleza yote, blogu, alama, na kalamu ya Anis. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

“Uliandika na jina langu?” akauliza.

“Niliandika.”

“Vizuri vile unavyoandika?”

“Ndiyo, dada.”

“Miaka yote ulikuwa unajivunia mwandiko,” akasema. “Haya, umesomeka.”

Kwenye jiko lake la gesi Dalanda hakuhitaji alama yoyote. Mikate yote ni yake. Lakini miaka kumi na mitatu alikuwa akiendelea kuigandamiza, kwa mazoea, na kila Alhamisi aliniletea mmoja. Alhamisi ya kwanza baada ya hapo ulikuja kama kawaida, juu ya sahani, umefunikwa kitambaa. Nikafunua. Ulikuwa laini mtupu, bila duara, bila mstari. Sijawahi kupigwa kofi maishani mwangu likaniuma hivyo. Nikaula, kwa sababu mkate hautupwi. Ukaja mwingine kama huo Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata.

Katikati ya Mei nikaamua kwenda kuuona ukurasa ule. Nilitaka angalau kuiona alama mahali alipotaka niione. Duka la intaneti ni la Mounir, kijana mnene anayefuga ndevu zisizokubali kuota. Vioo vyote vya kompyuta zake vinatazama meza yake, na ukiingia unampa kitambulisho, anakiandika kwenye daftari.

“Ami Mokdad! Umekuja kutafuta mchumba?”

“Nimekuja kutafuta mkate. Niandike, kisha unifungulie hiki.” Nikampa karatasi yenye anwani, ile ya tatu, ambayo Lazhar aliniachia.

Alipoisoma, mzaha ulimwisha. “Ami, huu haufunguki. Nani asiyejua kwamba haufunguki?”

“Jaribu.”

Alijaribu. Ukafunguka hapo hapo, kana kwamba mtu ameuondolea kufuli. Mounir aliirudisha nyuma mikono yake kutoka kwenye kibodi.

Alama ilikuwa pale juu, kubwa, imechorwa vizuri. Viduara vitatu na mstari. Nilitaka kulia, kisha nikaona tarehe chini yake. Makala ya mwisho ilikuwa ya siku mbili zilizopita. Lazhar alikuwa na majuma mawili na nusu bila kuonekana, na blogu yake ilikuwa inaandika.

Nilisoma. Iliwasalimu wapenzi wasomaji. Iliomba radhi kwa ukimya. Ilisema mwandishi anakumbuka utoto wake katika mtaa wa kale, wanawake walipokuwa wakiketi mlangoni kwa mwoka mikate, wakipiga soga huku wakingoja mikate yao iive. Nikasoma tena hapo. Hakuna mwanamke wa kichochoro chetu aliyewahi kuketi mlangoni kwangu kungoja mkate, si kwa dakika moja. Watoto ndio waliokuja. Mtoto aliyeubeba ubao ule miaka saba hawezi kulisahau hilo hata akiwa na homa. Kisha chini kabisa mwandishi aliuliza: na wewe, msomaji mpenzi, mama yako alikuwa na alama gani? Na wa mtaa upi? Tuandikie, tukusanye kumbukumbu zetu kabla hazijapotea.

Kabla hazijapotea. Nilikumbuka nani aliniambia maneno hayo, akiwa na kikombe changu mkononi.

Majibu yalikuwa zaidi ya arobaini. Watu waliojificha miezi yote hiyo nyuma ya majina ya bandia walikuwa wanaeleza kwa furaha: mama yangu alitumia kitana, mtaa wa washona viatu, mji fulani. Bibi yangu aligandamiza shanga. Sisi tulikuwa wa karibu na zawiya ya masufi. Hata yule wa kusini, wa neno moja, alikuwa ameandika mistari sita. Na katika kila mji kuna mzee mmoja kama mimi, ambaye hajaulizwa kitu kwa miaka mingi, anayesubiri kugongewa mlango.

“Mounir,” nikasema, “mtu akitaka kujibu hapa anafanyaje?”

“Hafanyi, Ami. Anakwenda nyumbani.”

“Nionyeshe.”

Alinionyesha kisanduku, akarudi mezani kwake, akajishughulisha na daftari. Herufi zilikuwa zimetawanywa kwenye kibodi bila akili. Nilizitafuta moja moja kwa kidole kimoja. Nilianza kwa lugha ya magazeti, kama nilivyojifundisha, sentensi ndefu yenye heshima zote. Niliisoma. Ilifanana na ile ya yule mwingine. Nikaifuta yote, nikaandika kama ninavyoongea uani:

“Mimi Mokdad Jouini, niliyekuwa na tanuri. Anayewaandikia sasa siye. Mwenye alama hii wamemchukua kazini Jumanne. Kwetu wanawake hawakukaa tanurini, watoto ndio waliobeba mbao, yeye angejua. Alama za mama zenu msimpe. Mimi nilimpa.”

Ilinichukua zaidi ya saa nzima. Mounir alikuja akasoma nyuma ya bega langu.

“Ami, umetia jina lako.”

“Ndilo nililo nalo.”

“Hii ikibonyezwa hairudi. Na ni mashine yangu, duka langu.”

“Daftari lako linasema ni mimi niliyekaa hapa. Mimi nitasema hukuwepo, ulikwenda kuswali.”

“Siswali, Ami, mji mzima unajua.”

“Basi anza leo.”

 Kisha akachukua koti lake, akatoka, akaniacha peke yangu na mashine zake zote. Nikabonyeza.

Ilikaa pale siku moja na nusu, nimeambiwa, kabla ya kuondolewa pamoja na blogu nzima. Siku moja na nusu si kitu. Lakini Mounir, ambaye sasa hanitazami usoni, alinong'ona tulipopishana sokoni kwamba majibu mengi yalifutwa na wenyewe kabla ukurasa haujafungwa, na kwamba chini ya maneno yangu yule wa kusini alikuwa ameandika neno lake moja. Lazhar hajarudi. Mezani pake ofisini yupo karani mwingine.

Alhamisi hii iliyopita, asubuhi, Anis alikuja. Viatu vyake vilikuwa vimeshika vumbi kidogo, na nilifurahi kwa hilo kama mtoto. Aliingia bila kukaribishwa, akakaa pale pale, akafungua daftari lile lile.

“Ami Mokdad, tulibakiza. Tuliishia ya kumi na moja.”

“Nimezeeka,” nikasema. “Nimezisahau.”

“Zote?”

“Zote. Hata ya mama yangu.”

Aliandika jambo. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alifunga daftari, akatia kalamu mfukoni, akasema kwa upole, “Si kitu. Njoo pale kwetu Jumatatu, saa mbili. Sisi tutakukumbusha.”

Kesho ni Jumatatu. Nimekwisha kutoa koti langu zito, ingawa ni mwanzo wa Juni, kwa kuwa nasikia sakafu kule ni ya saruji. Nimeandika haya kwa Kiarabu cha nyumbani, katika daftari la shule, na nitaliingiza ndani ya tanuri, chini ya tofali ambalo Dalanda analijua. Kama Lazhar atatoka kabla yangu, atacheka mwandiko huu na lugha hii, mabega tu.

Nilipokuwa naandika mstari ule wa juu Dalanda amegonga ukuta, kisha akaja mlangoni. Si siku yake, leo Jumapili. Ameniwekea sahani kizingitini, akarudi. Mkate bado ni moto. Sijaufunua. Nimepitisha kidole gumba juu ya kitambaa, nikahisi kiduara, na kingine, na cha tatu, na chini yake ule mstari wa ufunguo. Nitakwenda nao kesho.